Kielezi Kimoja kwa Kila Insha

Shule ilikuwa Bunju, ndani kidogo kutoka Barabara ya Bagamoyo, upande ambao kila mwaka shamba moja la minazi linageuka kuwa nyumba za tofali zenye mageti meusi. Ilikuwa shule ya msingi ya binafsi, ya wastani, inayofundisha kwa Kiingereza. Mie nilipewa Kiingereza cha darasa la saba. Siku ya kwanza nilipoingia darasani nilikuta bango kubwa limebandikwa juu ya ubao, limefunikwa nailoni ngumu ili lisichafuke. Kichwa chake kilisema haya ni maneno yenye nguvu. Chini yake yakafuata: importantly, significantly, notably, crucially, indeed, above all.

Kanuni ilikuwa ya mkuu wa shule mwenyewe. Mwanafunzi akiweka neno mojawapo katika insha anaongezewa alama. Anayeyaweka mengi kuliko wenzake anapigiwa makofi mstarini asubuhi.

Nikawapa insha fupi kuhusu familia zao, nikaketi chumba cha walimu kusahihisha. Daftari la kwanza lilisema: Importantly, my father has a car. Significantly, our cat is black. Crucially, in the morning I drink porridge. Above all, my aunt lives in Kipawa. Yaani la muhimu kabisa baba ana gari, jambo zito ni kwamba paka ni mweusi, uji ndio uhai wenyewe, na zaidi ya yote hayo shangazi anakaa Kipawa. Nilicheka peke yangu mpaka mwalimu wa hesabu akageuka kuniangalia. Nikafungua la pili, la tatu, la nne. Yote yalikuwa hivyo hivyo. Kicheko kikaisha, nikabaki na hasira.

Watoto wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wameambiwa neno moja ni alama moja, wakafanya hesabu yao. Kilichoniuma ni kwamba tulikuwa tunawafundisha kupaza sauti kabla hawajawa na la kusema.

Hasira hiyo nilikuwa nayo zamani, ila ilielekea upande mwingine. Nilipokuwa chuoni, nikikaa hosteli za Mabibo, mhadhiri wetu mmoja wa uandishi alikuwa adui wa vielezi vyote. Akikuta very anakata. Akikuta really anakata mara mbili. Siku moja aliinua karatasi yangu mbele ya darasa zima. Nilikuwa nimeandika kwamba tatizo la maji hosteli ni very, very serious.

"Dada," akaniuliza, "tatizo likishakuwa kubwa, linahitaji very ngapi?"

"Mbili, Sir," nikajibu. "Moja ya ghorofa ya chini, moja ya sie tunaobeba ndoo mpaka ghorofa ya juu."

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alama zangu hazikupanda, na sikuandika upya. Nilikuwa najua maji yalivyokuwa yanasumbua, na nilijua neno langu lilikuwa linabeba nini.

Kwa hiyo nilifika Bunju nikiwa nimeshagombana na mtu anayekata kila kielezi, nikakutana na mtu anayevimwaga kama chumvi iliyofunguka kifuniko. Niliona wote wawili wana ugonjwa mmoja. Hakuna kati yao aliyekuwa anamuuliza mwandishi: kwako wewe, katika haya yote uliyoandika, lipi ni zito?

Nikalitoa bango.

Kesho yake nikawaambia watoto kanuni mpya. Kila insha ina kielezi kimoja tu cha mkazo. Kimoja. Mtu akikitumia, nitamuuliza kwa nini amekiweka hapo na si mahali pengine, na lazima anijibu.

"Madam, na asiyekitumia kabisa?" akauliza mmoja.

"Hakuna shida. Labda siku hiyo hakuwa na jambo la kukazia."

Walinitazama kama nimewanyang'anya chakula. Nikawaambia habari za mama yangu. Mama alikuwa karani, tukiishi Temeke, wazazi wangu wakiwa wametoka Songea kabla sijazaliwa. Akirudi kazini kachoka, ananituma dukani: leta chumvi, leta vitunguu, na hasa mafuta. Nikisikia lile hasa, nilijua nikikosa chumvi hatanigombeza, nikikosa vitunguu atanung'unika tu, lakini bila mafuta nisirudi. Hakuwahi kuniambia hasa chumvi, hasa vitunguu, hasa mafuta. Angesema hivyo ningemshika paji la uso nione kama ana homa.

Wakacheka. Nikaendelea. Tukiongea Kiswahili tuna njia nyingi za kukazia. Mtu akitaka ujue ni mbali anavuta, mbaaali, na kidole anakinyoosha. Akichoka anasema nimechoka, nimechoka jamani, we acha tu, na mabega yanaonyesha. Karatasi haina mabega. Haiwezi kuvuta sauti. Ndiyo maana anayeandika Kiingereza anahitaji especially, ile hasa ya mama, anahitaji chiefly, anahitaji above all. Maneno hayo yanamshika msomaji mkono, yanamwambia asimame hapa kwanza. Ukimshika mkono kila hatua, atakuona msumbufu, atauvuta mkono wake aende zake.

Wiki hizo zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kufundisha. Watoto walibishana. Mmoja aliandika kuhusu safari ya mbuga za wanyama akaweka especially kwenye chipsi walizokula njiani. Wenzake wakampinga, na simba je? Akasema simba alikuwa amelala, amewapa mgongo, lakini chipsi zile zilikuwa za moto. Nikampa alama zote. Alikuwa amechagua, na alikuwa na sababu.

Mkuu wa shule aliingia siku moja wakati wa mapumziko, nikiwa peke yangu darasani.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Madam. Mbona bango limeshuka?"

Nikamweleza. Alinisikiliza kwa heshima, maana alikuwa mtu mpole, mzee wa watu, anayevaa tai hata Jumamosi. Nilipomaliza akaketi kwenye dawati la mbele.

"Madam, wazazi wa hapa wanalipia Kiingereza kinachosikika."

"Kinachosikika au kinachoeleweka, Mkuu?"

"Unanifundisha, siyo?" Alitabasamu kidogo. "Mie Kiingereza nilikipata kwa fimbo. Nilipokwenda usaili wangu wa kwanza, katikati ya maelezo nikasema significantly. Wale waheshimiwa wote wakainua vichwa. Neno moja, Madam, likanipa kazi. Usiwanyime hawa watoto."

Nilimwelewa. Moyoni nilimheshimu pia. Lakini nikamwambia nilichokifikiri: neno lile lilimfaa kwa sababu lilikuwa moja. Angelirudia katika kila sentensi, wale waheshimiwa wangerudisha vichwa vyao kwenye karatasi.

Alilichukua bango, akalibandika ukuta wa nyuma, akaondoka. Nikaliacha huko nyuma, watoto wakiwa wamelipa mgongo.

Katika darasa hilo alikuwepo msichana mmoja mkimya, mtoto wa kike pekee kwao. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kinondoni, duka lililoanzishwa na babu yake. Ukoo wao ulitoka Uarabuni vizazi vingi nyuma, na kwa lafudhi ungewajua ni watu wa pwani hasa. Walijenga Bunju wakahamia. Msichana alikuwa na akili, lakini insha zake hazikuwa na kielezi hata kimoja. Wiki baada ya wiki, hakuna. Nilipomuuliza alisema, "Bado sijapata pa kukiweka, Madam."

Siku ya wazazi ilipokaribia, mkuu aliniambia nichague wanafunzi watatu wasome insha zao mbele ya wageni. Mada ilikuwa shule ya sekondari ninayoitamani. Yule msichana alileta ya kwake, na niliposoma nikajua nimeshika kitu. Alieleza kwamba baba yake amemchagulia shule ya bweni, bara, kule kwenye baridi. Akaandika kwa haki kabisa mazuri yake: kuna maktaba, kuna utulivu, matokeo ni mazuri. Kisha akaandika yanayomfanya asitake: hajawahi kulala mbali na mama yake, na ana rafiki mmoja tu duniani, naye anabaki Bunju. Halafu, mwisho, peke yake kwenye mstari: Above all, nobody asked me.

Zaidi ya yote, hakuna aliyeniuliza.

Niliisoma mara ya pili. Kisha nikamwita.

"Hiki kielezi, kwa nini umekiweka hapa?"

"Kwa sababu hayo mengine naweza kuyazoea, Madam. Hili hapana."

"Baba yako atakuwepo siku hiyo."

"Najua."

"Ukitaka usome nyingine, nakuruhusu. Hutapungukiwa kitu."

Akatikisa kichwa. "Nimetafuta pa kukiweka mwaka mzima."

Mkuu naye aliomba kuziona insha kabla. Ile ya msichana ilirudi ikiwa imejaa kalamu nyekundu. Alikuwa ameongeza importantly mbele ya maktaba, significantly mbele ya matokeo, crucially mbele ya baridi. Sentensi ya mwisho ameikata, pembeni ameandika ibadilishwe iwe shukrani kwa wazazi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na amri mkononi, kwa maandishi, kutoka kwa mkubwa wangu wa kazi.

Nikampa msichana nakala yake safi, ile aliyoiandika mwenyewe. "Soma hii," nikamwambia. "Mengine niachie mie."

Siku yenyewe lilisimamishwa hema uwanjani, viti vya plastiki vikapangwa, harufu ya pilau ikitoka nyuma ya jengo. Kijana wa muziki alikuwa anapiga singeli kwa sauti ambayo ilifanya wazee washike masikio. Baba yake msichana alikaa safu ya mbele, kanzu nyeupe, mke wake pembeni.

Wawili wa kwanza wakasoma, wakapigiwa makofi. Akasimama yeye. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi kipaza sauti kisogezwe. Alisoma mazuri ya ile shule, baba akawa anaitikia kwa kichwa, ameridhika, akimgusa jirani yake amsikilize binti. Alisoma yale ya mama na rafiki, mama akainamisha uso. Kisha akasoma mstari wa mwisho. Hakuharakisha. Alipofika kwenye above all alipumua, kama nilivyowafundisha kwamba koma iliyo pale ni pumzi, halafu akamalizia.

Nyuma mama mmoja akasema kwa sauti, "Mh! Mtoto kasema." Watu wachache wakacheka, wengine wakaanza kupiga makofi, wengine wakawatazama wanaopiga. Kijana wa muziki, kwa huruma au kwa woga, akafungulia singeli. Baba alisimama, akatoka mpaka kwenye gari lake, akakaa ndani na mlango wazi. Hakula pilau.

Sijawahi kuitwa ofisini haraka namna ile.

"Madam, nilikurudishia insha ikiwa imesahihishwa!" Mkuu alikuwa hajakaa. Tai yake imekwenda upande.

"Ndiyo, Mkuu. Niliiona."

"Na ukamwacha asome ile nyingine?"

"Nilimpa mwenyewe."

Alishusha pumzi. "Sasa sikiliza. Utakwenda kwa yule mzee, utamwomba radhi. Utamwambia mtoto hakumaanisha vile, ni Kiingereza tu kimemshinda. Tuseme ni kosa la kisarufi."

"Mkuu, sentensi ile haina kosa hata moja la kisarufi. Ndiyo sentensi sahihi kuliko zote zilizosomwa leo."

"Nakuomba kama mwanangu."

"Ukinituma nimwombe radhi kwa kumkosesha raha mbele ya watu, nitakwenda sasa hivi. Hilo limetokea, na mie nahusika. Lakini sitamwambia mtoto wake hajui alichoandika. Anakijua."

Akainyoosha tai yake. Kisha akaniambia nitoke, na nikatoka. Niliogopa, siwezi kusema vinginevyo. Nilikuwa na kodi ya chumba, nilikuwa na mama anayenitegemea, na shule za pale jirani zote wakuu wake wanajuana. Lakini nilipofika nje nilijiuliza kama ningefanya tofauti, na jibu likaja bila kusitasita: hapana.

Jumatatu, baada ya vipindi, baba alikuja mwenyewe darasani. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Akajibana kwenye dawati la watoto, magoti yamepanda.

"Mwalimu, mie nauza mabati na misumari. Kiingereza changu cha ankara tu. Hilo neno, above all, maana yake nini hasa?"

"Maana yake, katika yote aliyoyasema, hilo ndilo zito kupita mengine."

"Kupita mama yake?"

"Kwa alivyoandika, ndiyo."

Akapangusa uso kwa kitambaa. "Angesema tu hakuulizwa, ningemkaripia nikasahau. Watoto wanasema mengi. Lakini kaliweka juu ya yote. Juu ya shule niliyomtafutia, juu ya safari nilizokwenda kuiona. Mbele ya watu." Sauti ikapanda. "Wewe ndiye uliyemtia ujasiri huu!"

"Mie nilimfundisha neno, baba. Sentensi ni yake. Na kwa kukuaibisha mbele ya wageni nakuomba radhi, kwa sababu nilijua atasoma nini nikamwacha."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Nilidhani atanitukana. Badala yake akachezea kona ya daftari lililosahauliwa pale.

"Nyie walimu mnaona rahisi," akasema hatimaye. "Mie baba yangu hakuniuliza kitu. Alinipa funguo za duka, basi. Na nimeishi."

"Binti yako anakuomba umuulize, baba. Hajakwambia ufuate anachotaka."

"Na nikimuuliza akasema hapana?"

"Utakuwa umemuuliza. Uamuzi bado ni wako."

Alinyanyuka kwa shida kutoka kwenye dawati, akatoka bila kuaga. Nikasikia gari likiwaka, likakaa muda, ndipo likaondoka.

Yaliyofuata niliyapata kwa msichana mwenyewe, alipokuja kuchukua matokeo yake, nayo yalikuwa mazuri. Alisema baba alimuuliza kwenye gari, wakiwa wawili tu, wakitoka Kinondoni. Akamjibu kwamba hataki. Baba akaendesha mpaka Bunju bila kutamka neno, na siku iliyofuata pia hakusema naye. Kisha akampa masharti: ataanza kidato cha kwanza shule ya kutwa, lakini matokeo yakishuka atakwenda bweni na hakuna mjadala tena.

"Umefurahi?" nikamuuliza.

"Kidogo. Masharti yake magumu, Madam." Akafikiri. "Lakini aliniuliza."

Mie nilihamishiwa darasa la tatu. Barua ilisema ni kwa maslahi ya shule. Darasa la saba likapewa mwalimu mwingine, bango likarudi mbele, safari hii likiwa kubwa zaidi na maneno yameongezwa. Nilipokuwa napita dirishani nilikuwa nawasikia watoto wakiyaimba kwa pamoja, significantly, notably, crucially, kama wanaimba jedwali la kuzidisha. Iliniuma, tena sana. Walimu wenzangu waliniambia nimejitakia. Mwalimu wa hesabu peke yake alinisogezea kiti siku barua ilipofika, akanimiminia chai.

Mwaka wa mkataba wangu ulipoisha mkuu aliniita tuuandike upya. Safari hii kulikuwa na kipengele kipya, kimeandikwa kwa Kiingereza kizito, kwamba mwalimu ataheshimu bila masharti mwongozo wa shule wa uandishi, yaani lile bango. Akanisogezea kalamu.

"Hicho sisaini, Mkuu."

"Madam, ni mstari mmoja tu."

"Ndiyo maana nauona vizuri. Mengine yote nasaini. Kuwahi, kuvaa kwa heshima, zamu za Jumamosi, vyote. Hicho hapana. Nikirudishiwa darasa la saba leo, nitafundisha vile vile nilivyofundisha."

"Hata baada ya yote yale?"

"Hata sasa."

Aliikunja tai yake kwenye kidole, akaifungua, akaikunja tena. Nje watoto walikuwa wameshaanza kujipanga, muhula mpya ulikuwa unaanza siku ile, na walimu wa Kiingereza wanaokubali kuja mpaka Bunju hawakuwa wengi. Sote wawili tulilijua hilo. Akachukua kalamu yake nyekundu, akakipiga mstari kile kipengele polepole, toka mwanzo mpaka mwisho, akaweka herufi za jina lake pembeni.

"Wewe mtoto ni mkaidi kupindukia," akasema.

Nikasaini mahali pangu, nikamshukuru, nikaenda darasani.